Mtu wa Baridi Aliyesomea Joto: Kasmir Protas Ndunguru, 1991–2025

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada yake, Bibiana Protas Ndunguru, katika ibada ya kumuaga, Guangzhou, China, Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, saa tisa alasiri.

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Kasmir, mtoto wa tatu na kitindamimba wa Mzee Protas Ndunguru na Mama Dorothea Kapinga. Alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Machi 1991 katika hospitali ya Litembo, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Kasmir, kwa hiyo padre hakuumiza kichwa kutafuta jina. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka mama alirudi naye amemfunga kwa mablanketi mawili, na mimi nikauliza mtoto yuko wapi, maana nilichokiona kilikuwa furushi.

Wengi wenu mnaijua Tanzania ya jua. Litembo siyo hiyo. Kwetu mwezi wa sita na wa saba mtu anakwenda kuchuma kahawa amevaa sweta, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Marehemu alipokuwa darasa la tatu alisikia kwamba maji yakipata baridi ya kutosha yanakuwa jiwe. Kwa wiki tatu nzima alitoa sahani ya mama nje jioni, imejaa maji, na alfajiri alikimbia kwenda kuiangalia. Barafu hakuiona hata siku moja. Sahani ilibebwa na mbwa, na baba akamwambia Kasmir atalala nje yeye badala ya sahani, aone kama ataganda. Kasmir alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa mtoto wa namna hiyo: ukimtisha, anaona umempa wazo.

Alisoma shule ya msingi Litembo kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, kisha sekondari mjini Songea, kidato cha kwanza hadi cha sita, akamaliza mwaka 2012. Mwaka huohuo alichaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma jiografia, na alihitimu mwaka 2015. Baba alifariki Kasmir akiwa mwaka wa pili. Kasmir alikuja kuzika, akakaa siku nne, akarudi kufanya mitihani, na akafaulu yote. Sijui alifauluje. Mimi mwaka ule sikuweza hata kupika.

Mwezi Mei 2016 aliajiriwa kuwa mpima hali ya hewa mjini Songea. Kazi yake ilikuwa kusoma vipimajoto vilivyomo ndani ya kile kibanda cheupe chenye miguu, kila baada ya saa tatu, na kutuma namba. Aliifanya miaka sita na nusu. Wakulima walikuwa wakimsimamisha sokoni wamuulize mvua itanyesha lini, naye akawajibu, “Mimi nasoma tu, wanaotabiri wako ofisi nyingine.” Walimwona mchoyo wa mvua. Mama mmoja muuza maharage aliacha kabisa kumuuzia.

Tarehe 14 Septemba 2019 alifunga ndoa takatifu na Herieth Mwakyusa, mwalimu, mzaliwa wa Tukuyu. Ukoo wetu ulipeleka mahari tukiwa na wasiwasi kwamba bwana harusi ataanza kuwaeleza wakwe habari za mgandamizo wa hewa. Alianza. Wakwe wakampenda. Tarehe 2 Novemba 2020 walipata mtoto wao wa pekee, Kissa. Marehemu alimwacha akiwa na miaka miwili na miezi mitatu, akarudi kumwona mara moja tu, Krismasi ya mwaka 2023. Mtoto alimkimbia siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alikataa kushuka mgongoni.

Alifika Guangzhou tarehe 9 Februari 2023 kwa ufadhili wa masomo ya shahada ya uzamili. Mimi nilikuwa hapa tayari miaka saba, nanunua nguo za watoto soko la Liuhua na kusafirisha Dar es Salaam. Nilimpokea uwanja wa ndege na koti, nikijua ametoka kwenye joto la Dar. Akaniambia, “Dada, mimi mtu wa Litembo, koti la nini?” Akatetemeka njia nzima.

Sasa niwaeleze alichosomea, maana watu wananiuliza na kushangaa. Kasmir alikuwa Mmatengo, anaishi China, anasoma majira ya joto ya Marekani. Profesa wake alimweleza kwamba Wamarekani wameandika joto lao na vifo vyao kwa muda mrefu, na kwamba mtu akisoma vizuri walivyokufa wao, anaweza kuzuia wengine wasife, hapa na hata Dar es Salaam. Basi akazama humo. Jumapili, baada ya misa, tukikaa kula ugali pale mtaa wa Xiaobei, yeye ndiye alikuwa redio yetu. Alitusimulia mwaka 1816, theluji ilipoanguka mwezi wa sita na mahindi ya wakulima yakafa kwa baridi katikati ya kiangazi. Alitusimulia tarehe 10 Julai 1913, kwenye jangwa liitwalo Bonde la Mauti, joto lilipoandikwa karibu nyuzi hamsini na saba. New York ya mwaka 1896, watu walipanda kulala juu ya mapaa kutafuta hewa, wengine wakajiviringisha usingizini wakaanguka. Na mwaka 1936, mashamba yalipogeuka vumbi, joto likafika nyuzi arobaini na tisa huko Dakota Kaskazini, familia nzimanzima zikabeba magodoro kwenda kulala kwenye bustani za mji.

Mama aliposimuliwa hayo kwa simu aliuliza, “Kwani huko Marekani hawana miti?”

Lakini jiji lililomkaa moyoni lilikuwa Chicago, Julai 1995. Joto la nyuzi arobaini na moja na unyevu juu yake, na kwa siku chache tu watu zaidi ya mia saba wakafa. Ilibidi yaletwe malori yenye mitambo ya baridi ili kuhifadhi maiti. Kasmir alikuwa haelezi habari hii kwa kutia chumvi kama zile nyingine. Alikuwa anaweka kijiko chini. Wengi wa wale walikuwa watu wazima wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, na majirani upande wa pili wa ukuta wanadhani wapo salama. “Joto peke yake halikuwaua,” alikuwa anasema. “Waliuawa na joto pamoja na kutogongewa mlango.”

Kiangazi cha mwaka jana aliamua kwamba sisi tutagongeana. Alisimama baada ya misa akapendekeza kila mtu awe na mwenzake wa kumgongea asubuhi siku za joto kali. Watu wakacheka. Ndugu zangu mliopo hapa mnajua kwa nini. Kwetu hapa mlango ukigongwa bila ujumbe kutangulia, hufungui. Unazima redio, unabana pumzi, unasubiri hatua ziondoke, maana anayegonga hivyo mara nyingi ni polisi anayetaka pasipoti. Hata mwenye karatasi zake safi amejifunza kunyamaza. Yohane, rafiki yake mkubwa, alimwambia waziwazi, “Kaka, ukinigongea asubuhi nitatokea dirishani, na mimi niko ghorofa ya tano.”

Kwa hiyo marehemu alikubali njia nyingine. Alianzisha kundi la WeChat, watu arobaini na watatu, wafanyabiashara na wanafunzi. Siku yoyote ya joto la kuanzia nyuzi thelathini na tano, kila mmoja aandike neno “nipo” kabla ya saa mbili asubuhi. Asiyeandika, mtu wa zamu anavaa viatu anamfuata, anamtangulizia ujumbe wa sauti ili amtambue. Sharti lilikuwa moja, na alilirudia mpaka tukachoka: “Kila mtu ajiandikie mwenyewe. Msisainiane.”

Alijua anaongea na nani. Sisi tuliopita vyuo vya nyumbani, hata mimi niliyesoma chuo cha biashara mwaka mmoja, tumekua kwa kusainiana. Mwenzako amechelewa, unamsainia mahudhurio. Ndio urafiki wenyewe. Asiyesainia wenzake anaonekana ana roho mbaya. Basi haikupita wiki, kundi likaanza kujaa: “Nipo, na Achieng yupo.” “Tupo wote wanne, chumba cha Chausiku.” Marehemu alikuwa mkali. Anajibu hapohapo, “Achieng aandike mwenyewe.” Tulimwita mwalimu wa zamu. Mimi nilimwita hivyo zaidi ya wote.

Tarehe 30 Juni mwaka huu ufadhili wake uliisha na alitakiwa kutoka bwenini, wakati utetezi wa tasnifu yake ulikuwa umesogezwa hadi Septemba. Kwangu tunaishi wanawake watatu na mzigo. Nilimtafutia chumba mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, dirisha moja linalotazama ukuta wa nyumba ya pili. Ni mimi niliyekitafuta. Alihamia tarehe 1 Julai. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma lakini hakipoozi. Tulipomuuliza mama mwenye nyumba, alijibu fundi atakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita, akasema Jumatatu.

Kuhusu ugonjwa: mwezi Aprili alikutwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vinavyomfanya mtu akojoe sana. Alijua vizuri kuliko daktari kwamba mtu wa vidonge hivyo hatakiwi kukaa kwenye joto. Aliliandika kwenye sura ya nne ya tasnifu yake.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili tarehe 13 Julai, mchana. Alikuwa amekaa na singlendi iliyolowa, miguu ndani ya beseni la maji, kompyuta mapajani. Nikamwambia, “Twende kwangu.”

“Nilale wapi, Dada? Juu ya marobota ya nguo?”

“Ndiyo, juu ya marobota. Kuna kiyoyozi.”

“Mwanaume mzima, kati ya wanawake watatu. Wenzako watavaaje?”

“Basi nenda kakae kituo cha metro. Kuna baridi, hakuna atakayekuuliza.”

“Nimebakiza kurasa sita. Nikimaliza Jumatano nakuja mwenyewe, uninunulie na samaki.”

Nikamwambia, “Utakufa na hiyo tasnifu yako.” Ndivyo tunavyoongea nyumbani kwetu. Hakukasirika. Alinisindikiza mpaka ngazi ya ghorofa ya tatu, akasema magoti yamechoka, akarudi.

Jumanne tarehe 15 Julai, saa mbili kasoro dakika kumi, aliandika kwenye kundi: “Nipo. Chumbani nyuzi 36.” Jioni nilimtumia ujumbe, hakujibu. Nikajua yuko kwenye kurasa zake sita.

Hapa nasimama kidogo, mnisamehe. Wasifu wa marehemu hutakiwa kutaja tarehe ya kifo. Baba yetu mdogo William, mkuu wa ukoo, alinipigia kutoka Songea wiki iliyopita nikiwa naandika ukurasa huu. Akasema, “Andika alifariki ghafla, usingizini. Inatosha. Usimpe mama yako mzigo wa pili.” Nikamjibu sawa, Baba. Nikaandika hivyo, nikapeleka kuchapwa. Jana asubuhi nilirudi kwa mchapaji nikamwambia asimamishe. Baba mdogo, utanigombeza. Kifo cha Kasmir hakikuwa cha ghafla na wala hakuwa usingizini.

Jumatano tarehe 16 Julai tulikuwa tunafunga kontena. Gari lilikuwa limefika, vibarua wanapiga kelele, mwenye ghala anasema saa nne anafunga geti. Saa mbili kamili nikatoa simu. Kasmir hakuwa ameandika. Nikafikiri amechelewa kulala, na sasa hivi mtu wa zamu atamwamsha, na akiamshwa atakuwa na hasira nami kwa nini sikumtetea. Nikaandika: “Mimi nipo, na Kasmir yupo, amelala.” Sikuwa nimemwona. Sikuwa nimemsikia. Niliandika kwa upendo, hilo naweza kuapa, na ndilo linalonimaliza. Kisha nikarudisha simu mfukoni nikaendelea kuhesabu marobota.

Aliyekuwa zamu ni Yohane. Anaishi vichochoro viwili kutoka kwa marehemu. Alikuwa ameshaona jina la Kasmir halipo, ameshavaa viatu, ana chupa ya maji mkononi. Simu ikalia. Akasoma ujumbe wangu. Akavua viatu.

Jioni hakuja kama alivyoahidi, nikadhani kurasa sita hazijaisha. Alhamisi tarehe 17 nikaandika tena hivyohivyo. Siku hiyo nilikuwa tayari nimezoea.

Ijumaa tarehe 18 mama mwenye nyumba alipanda kusoma mita ya umeme, akamkuta. Hospitali ilisema ni joto. Daktari aliandika kwamba alifariki kati ya mchana wa Jumatano na asubuhi ya Alhamisi, na hawezi kusema zaidi. Yohane alimuuliza, kama mtu angefika Jumatano asubuhi? Daktari akasema, hilo siwezi kulijua.

Mimi najua. Polisi walinipa vitu vyake ndani ya mfuko, na humo kuna daftari. Marehemu alikuwa anapima joto la chumba chake kila baada ya saa tatu, kama alivyokuwa akifanya Songea. Ukurasa wa Jumatano una mstari wa saa tatu asubuhi: nyuzi thelathini na saba na nusu. Ni mkono wake, ila herufi zimelala. Chini yake ameandika “saa sita”, na hakuna namba. Saa tatu asubuhi, ndugu zangu. Saa nzima baada ya mimi kuandika kwamba amelala, mdogo wangu alikuwa macho, ameshika kalamu, na Yohane angekuwa ameshafika kwake tangu saa mbili na nusu.

Wengi wenu mmenijia na kuniambia ni mpango wa Mungu. Nawashukuru kwa kuja. Sioni mpango wowote. Naona mtu aliyesoma miaka miwili na nusu jinsi watu wanavyokufa namna hii, akatueleza, akatuwekea na sharti moja tu, na sharti hilo likavunjwa na dada yake. Yohane hana kosa lolote, na asiruhusu mtu amwambie analo. Na kundi lile, nililifungua leo asubuhi kabla ya kuja hapa, maana ni nyuzi thelathini na sita. Watu thelathini na nane wameandika. Wanne wameandikiwa na wenzao. Nimetafuta hasira ya kuwagombeza, sikuipata.

Profesa wake amesema tasnifu itahifadhiwa jinsi ilivyo. Zile kurasa sita hazikuandikwa. Mwili utasafirishwa Jumanne tarehe 5 Agosti, na mazishi yatafanyika Litembo, kando ya kaburi la baba, ambako mwezi huu asubuhi bado watu wanaota moto. Baba mdogo William atausoma wasifu huu huko kwa niaba yangu. Namwomba asiruke ukurasa.

Mama, Yohane ameshika simu hapa mbele yangu, na najua umekaa na watu sebuleni mnasikiliza. Siku niliyokupigia kukupa habari ya msiba uliniuliza kitu kimoja: nani alikuwa wa mwisho kumwona mwanangu? Nikakwambia mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Wa mwisho kumwona nilikuwa mimi, siku ya Jumapili, na Jumatano nikazuia mwingine asimwone.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Dorothea Kapinga, mke, Herieth, mtoto mmoja, Kissa, mwenye miaka minne na miezi tisa, kaka, Rodgers, wa Mbinga, na mimi.

Ee Mungu, mpe Kasmir mahali penye ubaridi, na mlango ambao mtu anaugonga. Ulale salama, mdogo wangu.

Mama, wasifu umeishia hapa. Yohane hatakata simu. Ukitaka kuikata, ikate wewe.